Usukani unanguruma ukikata kona? Soma hapa kabla hujanunua pampu

Dereva anayepita njia za Uluguru ataijua picha hii. Gari limetoka Nyandira alfajiri na mzigo wa kabichi. Kona zote za Mgeta, kila akikata usukani, kuna sauti inatoka mbele: nguuu, nguuu. Akifika Sangasanga na kuingia lami iliyonyooka, sauti imekata.

Anapitia gereji mjini Morogoro. Fundi anawasha gari, anazungusha usukani, hasikii kitu cha maana. Jibu linakuja haraka: pampu inaanza kufa, tafuta hela tubadilishe.

Inawezekana ni kweli. Lakini mara nyingi tatizo linakuwa dogo zaidi: mafuta yamepungua, hewa imeingia kwenye mfumo, au mkanda umelegea. Vitu hivyo unaweza kuviangalia mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa ufupi

- Mngurumo unaoongezeka ukikata usukani: anza na mafuta na hewa.
- Mlio mkali wa kukwaruza masikio, hasa gari likiwa baridi au limelowa: anza na mkanda.
- Kugonga "ko-ko" kwenye mashimo: hiyo siyo pampu, angalia viungo vya usukani.
- Usukani umekuwa mzito ghafla: simama sehemu salama, usiendelee na mteremko.

## Pawa steringi inafanyaje kazi

Mhandisi Mmarekani Francis Davis alitengeneza mfumo wa kusaidia usukani kwa nguvu ya mafuta miaka ya 1920. Kampuni ya Chrysler ndiyo iliyouweka kwenye gari la kuuzwa kwa watu wa kawaida, mwaka 1951. Wazo lenyewe halijabadilika sana.

Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwa presha kubwa hadi kwenye raki au boksi la usukani. Mafuta hayo ndiyo yanayokusaidia kugeuza matairi. Yakimaliza kazi yanarudi kwenye kopo, safari inaanza upya.

Presha hiyo si ya kuchezea. Ukikata usukani hadi mwisho inaweza kupita psi 1,000, wakati tairi la gari dogo lina kama psi 30 tu.

Pampu imetengenezwa kusukuma mafuta, siyo hewa. Mapovu yakiingia, yanabanwa na kupasuka ndani yake, na hapo ndipo unaposikia mngurumo. Usipoushughulikia, pampu inajikwangua yenyewe taratibu hadi inakufa kweli.

## Kwa nini mlio uanzie milimani

Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya juu vya Uluguru vinapita mita 2,600. Katikati hapo kuna kona kali, miteremko mirefu na vipande vya barabara ya udongo, iwe unaelekea Mgeta, Matombo au Kinole.

Kwenye mwinuko, mafuta ndani ya kopo yanaegemea upande mmoja, kama chai kwenye kikombe kilichoinamishwa. Kama kopo limejaa vizuri, hakuna shida. Kama yamebaki kidogo chini, tundu la kutolea mafuta linabaki wazi na pampu inavuta hewa. Ukifika tambarare mafuta yanakaa sawa, mlio unapotea.

Ndiyo maana fundi wa mjini anaweza asisikie chochote. Hajakosea kusikiliza, gari tu liko mahali tofauti. Mwambie hivi: "Linalia nikipanda, nikikata kulia, gari likiwa na mzigo." Sentensi hiyo moja itamsaidia kuliko kumwambia "stering inalia" halafu unanyamaza.

Kuna sababu nyingine za milimani. Kona kali za mwendo mdogo zinaipa pampu kazi nzito na kuchemsha mafuta. Barabara yenye matuta inalegeza bolti za pampu. Mawe na tope vinachana mipira inayokinga raki. Na asubuhi ya baridi mafuta huwa mazito, hivyo mlio mdogo wa dakika ya kwanza kisha unapotea si wa kukutisha sana.

## Kwanza jua gari lako ni la aina gani

Siyo kila gari lina mafuta ya pawa steringi. Fungua boneti, tafuta kopo dogo lenye mfuniko wenye picha ya usukani au maandishi ya usukani. Ukiliona, mfumo wako ni wa mafuta. Land Cruiser za familia ya 70, Hilux na Hiace nyingi zilizopo barabarani ziko kundi hili.

Hakuna kopo popote? Huenda gari lako linatumia mota ya umeme. Gari nyingi ndogo za miaka ya karibuni ziko hivyo. Kundi hilo lina sehemu yake huko chini. Usikubali mtu akuuzie mafuta ya pawa steringi kwa gari lisilo na mahali pa kuyaweka.

## Mlio gani, unatokea lini

Simamisha gari sehemu tambarare, weka breki ya mkono, acha injini iwake. Zungusha usukani taratibu kulia na kushoto huku mtu mwingine akisikiliza nje, mbali na mkanda na feni. Halafu tulia na usukani na ukanyage mafuta kidogo. Linganisha.

Mngurumo au mluzi mzito. Unapanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi na unazidi ukikata usukani. Mafuta yamepungua, kuna hewa, chujio la kopo limeziba, au pampu imechoka. Fuata mpangilio huo huo kuangalia.

Mlio mkali, mwembamba. Unatoka ghafla ukiwasha gari, ukikata kona kali au baada ya kupita kwenye maji. Huo ni mkanda unaoteleza.

Sauti ya "ssss" usukani ukifika mwisho. Kwa kawaida ni valvu inayopunguza presha ikifanya kazi yake. Usiushikilie usukani hapo zaidi ya sekunde chache. Rudisha kidogo, sauti itaisha.

Kugonga "ko-ko". Unasikia kwenye mashimo au ukichezesha usukani gari limesimama. Angalia tairodi endi, boljointi, bushi za raki na kiungo cha mhimili wa usukani. Pampu mpya haitaondoa sauti hii.

"Ka-ka-ka" ukikata kona huku gari linatembea. Kwa gari linalovuta kwa matairi ya mbele, mshukiwa wa kwanza ni sivi jointi.

Mvumo unaofuata mwendo wa gari. Unapanda ukienda kasi hata ukiwa fri, na unabadilika ukiegemea upande mmoja wa kona. Huenda ni beringi ya tairi.

Kukwaruza au kuruka kama springi. Unasikia juu ya tairi ukigeuza usukani gari limesimama. Angalia beringi iliyo juu ya shokapu.

Milio minne ya mwisho haitoki kwenye pampu. Ndiyo maana kusikiliza dakika tano kunaweza kukuokolea pesa nyingi.

## Hatua ya 1: Angalia mafuta

Zima injini, gari likiwa tambarare. Futa vumbi kwenye mfuniko kabla ya kuufungua, kwa sababu mchanga kidogo tu ukiingia ndani unaharibu pampu na sili.

Kopo lina alama za chini na juu. Mengine yana alama mbili, ya mafuta baridi na ya mafuta moto. Soma inayolingana na hali ya gari kwa wakati huo.

Halafu tazama rangi:

- Mekundu au ya waridi, safi: hali nzuri kwa gari nyingi za Toyota.
- Meusi, yananukia kuungua: yamechoka, badilisha.
- Yana povu au yamekuwa kama maziwa: hewa imeingia.
- Yanameta vipande vya chuma: pampu inajila yenyewe.

Aina ya mafuta ni jambo la kuwa makini nalo. Toyota nyingi za mfumo huu zinatumia ATF, ile ya Dexron II au III. Honda ina mafuta yake, na baadhi ya gari za Ulaya zinatumia mafuta ya kijani. Jibu sahihi liko kwenye mfuniko wa kopo au kitabu cha gari, siyo kwa jirani mwenye gari la aina nyingine.

Usiweke mafuta ya breki. Yanaharibu sili za mpira za mfumo huu, na utajikuta unafungua kila kitu. Oili ya injini nayo siyo mbadala.

Kama mafuta yalikuwa chini, ongeza hadi kwenye alama, usijaze hadi juu kabisa. Kisha jiulize yamekwenda wapi. Mfumo huu hauli mafuta kama injini iliyochoka. Yakipungua, kuna mahali yanavuja.

## Hatua ya 2: Angalia mkanda

Zima injini na utoe funguo. Tazama mkanda kwa tochi ya simu. Nyufa, nyuzi zilizochomoza, uso unaong'aa kama kioo au alama za mafuta ni dalili kwamba muda wake umeisha.

Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Kwa mikanda mingi ya kukazwa kwa mkono, ukibonyea kama sentimita moja uko sawa. Ukizama sana, umelegea. Gari zenye kikazio cha kujirekebisha hazipimwi hivyo, mwachie fundi.

Usikaze kupita kiasi ili mlio uishe. Mkanda uliokazwa mno unaua beringi za pampu na za alteneta, na hapo umenunua ugonjwa mwingine.

Na ile dawa ya kupaka sabuni au grisi kwenye mkanda? Achana nayo. Mlio utanyamaza siku moja, kesho mkanda unateleza zaidi.

## Hatua ya 3: Tafuta panapovuja

Usiku, tandika boksi safi la karatasi chini ya injini. Asubuhi angalia matone yameangukia wapi.

Sehemu za kukagua ni nne: maungio ya paipu ya presha, sili ya shafti ya pampu, kopo lenyewe, na mipira ya pembeni ya raki. Ukiminya mpira wa raki ukakuta umejaa mafuta, sili za ndani zimekwisha.

Sasa kuna uvujaji usioacha tone. Paipu inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu haina presha, inavuta. Ikiwa na ufa mdogo, klampu iliyolegea au oringi iliyokauka, inaingiza hewa bila kutoa mafuta. Gari halidondoshi kitu, kopo limejaa, lakini mngurumo haukomi na mafuta yana povu. Kabla ya kukubali kubadilisha pampu, omba paipu hii na oringi yake viangaliwe. Ni spea ndogo.

Usipapase paipu ya presha kwa mkono kutafuta tundu injini ikiwa inawaka. Mafuta yenye presha hiyo yanaweza kupenya ngozi, na mafuta moto yanaunguza.

## Hatua ya 4: Toa hewa

Kazi hii haihitaji mashine. Unahitaji jeki, stendi mbili, mafuta sahihi na msaidizi mmoja.

1. Weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Inua matairi ya mbele, kisha weka stendi. Usitegemee jeki peke yake.
2. Injini ikiwa imezimwa, jaza kopo hadi kwenye alama.
3. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, mara 15 hadi 20. Msaidizi aangalie kopo na kuongeza mafuta yakishuka.
4. Mapovu yakipungua, shusha gari, washa injini na uiache itulie bila kukanyaga mafuta.
5. Zungusha tena kulia na kushoto mara chache, bila kushikilia mwisho.
6. Zima. Ukiona mapovu bado, acha gari litulie kwanza, kisha rudia.

Mlio ukiwa umepungua lakini haujaisha, usikate tamaa. Hewa iliyobaki huwa inatoka yenyewe baada ya safari fupi. Pima mafuta tena siku inayofuata.

## Hatua ya 5: Badilisha mafuta machafu

Mafuta yakiwa meusi, kuongeza mapya juu yake ni kuchanganya chai safi na ya juzi. Fundi anachomoa paipu inayorudisha mafuta kwenye kopo, anaielekeza kwenye chupa, anaziba tundu la kopo, kisha anajaza mapya huku usukani unazungushwa hadi yatoke safi.

Mwambie asafishe na kopo pia. Baadhi ya makopo yana chujio la wavu ndani, na likiziba pampu inakosa mafuta hata kopo likionekana limejaa.

Mafuta ya zamani yawekwe kwenye dumu. Yasimwagwe mtaroni. Milima ya Uluguru ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, ambao maji yake yanafika hadi mabombani Dar es Salaam.

## Pampu ikifa kweli

Kuna wakati fundi anakuwa sahihi. Kama mafuta ni ya aina yake na yako kwenye alama, hewa imetoka, mkanda ni mzima, paipu ya kuvuta imekaguliwa, na bado inanguruma, basi pampu imefika mwisho. Vipande vya chuma kwenye mafuta ni ushahidi mwingine.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Mwombe fundi akaze bolti za pampu na aangalie kama paipu inagusa bodi. Paipu ikigusa chuma, mlio mdogo unasafiri hadi ndani ya gari na kusikika mkubwa.
- Ukinunua pampu ya mtumba, izungushe kwa mkono. Isikwame, isiwe na mchezo kwenye shafti, isiwe imelowa mafuta kwenye sili.
- Linganisha namba na umbo na ile ya zamani.
- Mfumo usafishwe kabla pampu nyingine haijafungwa. Uchafu ulioua ya kwanza utaua na ya pili.
- Chukua pampu ya zamani uondoke nayo. Ni yako, na inakuhakikishia kuwa kweli imebadilishwa.

## Gari la pawa steringi ya umeme

Hapa hakuna mafuta wala mkanda. Mota inasaidia usukani, kompyuta inaiongoza. Sauti ndogo ya mota ukigeuza usukani gari limesimama ni ya kawaida. Sauti kubwa au kugonga inaweza kuwa mota, gia zake, au viungo vile vile vya raki na tairodi.

Taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, anza na betri, nguzo zake na alteneta. Mota hii inakula umeme mwingi, na umeme ukiwa mdogo msaada unapungua. Kisha fyuzi, halafu fundi umeme apime kwa mashine ya kusoma makosa.

Ukihangaika kugeuza gari mahali pembamba kwa muda mrefu, mota inaweza kuchemka na kompyuta ikapunguza msaada ili isiungue. Acha ipoe dakika kadhaa. Ikirudi kawaida, umeielewa. Ikijirudia kila siku, ipeleke ikapimwe.

## Usukani ukiwa mzito ghafla mlimani

Jambo la kwanza kujua: kwenye gari dogo, pawa steringi ikikata, usukani bado unageuza matairi. Unachopoteza ni msaada. Shika kwa mikono miwili, tumia nguvu, punguza mwendo, simama sehemu pana isiyo kona.

Kwenye gari zito lenye mzigo, nguvu inayohitajika ni kubwa sana na dereva anaweza kuchelewa kona. Ndiyo maana mlio wa leo usiubebe hadi mzigo wa kesho.

Tabia moja ya hatari ni kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, pampu ya usukani inasimama, na msaada wa breki nao unaisha baada ya kukanyaga mara chache. Ukitoa funguo, usukani unaweza kujifunga kabisa. Mafuta utakayookoa kati ya Mgeta na Mlali hayalingani na kona moja utakayoikosa. Shuka injini ikiwaka, gia nzito.

Usipande mlima kama unaona dalili hizi: mafuta yanashuka kila siku, mkanda umeanza kuchanika, usukani unakwama njiani, au una mchezo mkubwa kabla matairi hayajageuka.

## Dakika mbili kabla ya safari

Fungua boneti, angalia alama ya mafuta. Gusa mkanda. Chungulia chini kama kuna tone jipya. Pima upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu tairi laini linafanya usukani kuwa mzito na kuitesa pampu bure. Masika yakianza, fanya hivyo kila asubuhi.

Ukikuta mafuta yako pale pale yalipokuwa wiki iliyopita, panda Mgeta kwa amani. Yakiwa yameshuka, umelijua tatizo ukiwa bado Msamvu, palipo na mafundi na maduka ya spea, badala ya kuligundua kwenye kona huku kabichi ziko nyuma na bonde liko chini.